Mshenga

Fomu ya forodha ina visanduku kumi na saba.
Jina la bidhaa. Nikaandika: mbegu za matumbawe.
Hai au mfu? Hapo nikainua kalamu.
Katika nyuzi mia na tisini na sita chini ya sifuri
jibu la swali hilo nalo limeganda.
Thamani? Dola moja,
maana sifuri mashine yao inaitema.

"Bibi Cijntje," akasema afisa Canché,
akilitafuta jina langu mdomoni kama mwiba wa samaki,
"mtungi wako unatoa moshi."
Si moshi, nikamwambia. Ni baridi inapumua.
Saa yangu ilikuwa bado ya Curaçao, saa moja mbele ya Cancún,
na mwezi, usiovaa saa ya mtu,
ulikuwa na usiku wa nne tangu upevuke.

Ningemwambia nini? Kwamba mimi ni mshenga?
Kwamba kule Puerto Morelos yuko bi harusi
aliyevunjwa na kimbunga vipande mia tatu,
kila kipande kikashika mwamba, kikachipua pembe,
na sasa mwamba mzima ni ndugu wa tumbo moja,
hakuna wa kumposa mwenziwe?
Kwamba posa imetoka kwetu, ng'ambo ya bahari,
na aliyeileta ni binti wa mchomelea mabomba
wa kiwanda kilekile cha mafuta
kilichoipaka ghuba yetu wanja usiofutika?

Nikasema tu: "Ni mambo ya sayansi."
Akagonga muhuri mmoja. Ikabaki mitatu.

Yoandri aliandika kutoka Havana.
Viza yake wameikataa tena,
yeye aliyetufundisha kugandisha bila kuua.
*Usitikise. Usifungue mapema. Maji huko nyuzi ngapi?*
Thelathini na moja na nusu, akajibu Citlali.
Kisha simu zetu zote tatu zikanyamaza
kama meza ya chakula marehemu anapotajwa.

Citlali Poot alinipokea kwa viatu vya mpira, bila salamu.
Yeye Kimaya na Kihispania, mimi Kipapiamento na Kiholanzi;
tulikutana kwenye tarakimu.
Tetsuro wa Okinawa, ambako kwao miamba ilipauka
kuanzia ufukweni hadi upeo wa macho,
alishika tochi nyekundu, hakusema neno.
Saa tatu na dakika hamsini usiku
matumbawe yakaachia:
chembe za waridi, moja, kumi, kisha zisizohesabika,
zikipanda polepole
kama jina la mtu linavyorudi kichwani.

Mgeni njoo, walisema wahenga, mwenyeji apone.
Hawakusema ni mihuri mingapi.
Niliyeyusha wachumba kwenye maji ya vuguvugu,
nikihesabu sekunde kwa sauti, kwa lugha ya mama yangu,
na Citlali akafuata hesabu asiyoijua
bila kukosea.

Kufika alfajiri mayai elfu tisa yalikuwa maziwa yaliyochacha.
Mia mbili na sita yaligawanyika:
mbili, nne, nane.
Alihesabu mara mbili,
kisha akabaki ameinamia hadubini
muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji,
nami nikajifanya nafunga kamba za viatu.
Lebo ya tangi iliuliza: nchi ya asili.
Tulibishana dakika moja, njaa ikashinda,
tukala tamale za mama yake, mstari ukabaki mtupu.

Juma lililofuata, Canché yuleyule, dawati lilelile.
"Umebaki na nini?"
Hakuna kitu, nikasema.
Akaupima mtungi, akatazama karatasi ya siku ile,
akaupima tena.
Kuja kilo kumi na nne. Kurudi kumi na moja.
"Kilo tatu zimekwenda wapi?"
Ni baridi tu iliyotoroka, bwana.
Nilichokuja nacho hakikuwahi kugusa mizani yako.

Akanitazama. Akagonga muhuri.
Safari hii hakuuliza kilikuwa hai au kimekufa.
Aliuliza kama wamepatana.